Hodi, Sentimita Kumi kwa Sekunde

Leo darasani nilimkalisha Shaame kitako
kwenye kiti cha ofisi, kile chenye magurudumu,
nikampa mtungi wa kuzimia moto uliokwisha muda wake.
"Miguu juu," nikamwambia. "Sasa bonyeza kidogo."
Pssh! Akarudi kinyumenyume mpaka ubaoni.
Vumbi jeupe, vicheko, mwalimu mkuu dirishani.

Ndivyo, nikawaambia, chombo kinavyogeuka huko juu.
Hakina maji ya kupigia kasia,
hakina barabara ya kukanyagia breki.
Kina pua ndogo ndogo mbavuni,
nyingine hazizidi kikombe cha kahawa chungu.
Pua ya kushoto ikipuliza, chombo kinakwenda kulia.
Na kikishaanza kuzunguka, hakuna wa kukizuia:
si hewa, si msuguano, si jamaa.
Sharti kipulize tena, upande wa pili,
kiasi kile kile, ndipo kitulie.

Bikombo, wa dawati la nyuma, akanyoosha mkono:
"Mwalimu, na kama kuna chombo kingine mbele yangu,
njia moja, nikitaka kukifikia, si nijisukume kwa nguvu?"

Hapana. Hapo ndipo wengi wanapopotea.
Ukijisukuma mbele, unapanda,
na aliye juu njia yake ndefu, mwendo wake pole;
utamwona mwenzio anazidi kukuacha.
Punguza. Puliza mbele yako, kama unayejizuia.
Utashuka kidogo, na huko chini mwendo ni wa kasi.
Utamkaribia kwa chini, kisha upande taratibu.

Wakaandika. Kengele ikalia.
Mie nikabaki na chaki mkononi, namuwaza Raya.

Raya yuko Kipangani, mie Jadida.
Dakika kumi na mbili kwa miguu;
nimewahi kuzihesabu, nikaishia kona ya posta.
Cherehani ya mama ndiyo iliyotutenga,
na neno moja nililolisema siku ya arobaini,
watu wangali na sahani mapajani.
Tangu hapo nimejisukuma kwa nguvu zangu zote:
ujumbe wa sauti wa dakika tisa,
ami zetu wawili, karatasi ya sheha.
Kila nilivyosukuma, nilipanda.
Nikamwona kule mbele, mdogo, akizidi kwenda.

Na mafuta ni yale yale uliyopakia ardhini.
Angani hakuna kituo cha petroli.
Anayepuliza kwa hasira leo
kesho ataupita mlango huku anauona.

Usiku huu nimepuliza mbele yangu.
Nimeufuta ujumbe mwingine, wa dakika kumi na moja.
Nimeandika: "Sindano za cherehani nimezipata,
namba kumi na nne. Nikuletee?"

Kimya.
Chombo nacho hungoja. Kikibakisha mita mia mbili kinasimama,
kinajitazama, kinanyoosha kichwa kwa pumzi moja
fupi kuliko kupepesa jicho.
Kinasogea. Mita thelathini, kinasimama tena.
Wala hakioni haya.

Saa tatu na robo simu ikatikisika juu ya madaftari:
"Lete. Usije na watu."

Basi nakwenda, pakiti ya sindano kiganjani.
Umeme umekatika upande wa Limbani.
Kona ya posta nimeipita, sikuiangalia.
Mbele ya mlango wake napunguza tena;
ile hotuba niliyoitunga njiani naiacha barazani,
pamoja na viatu.

Shaame, Bikombo, andikeni, nilisahau kuwaambia:
kasi ya kugusana ni sentimita kumi kwa sekunde,
mwendo wa mtoto anayetambaa kukiendea kikombe.
Ukizidisha, ni ajali.

Hodi.

Ndani cherehani inakwenda, inakwenda,
kisha inanyamaza.